Ujumuishi wa wafanyakazi wenye ulemavu mahali pa kazi

Ujumuishi wa wafanyakazi wenye ulemavu ni utaratibu wa kupanga ajira, majengo, vifaa, mawasiliano na mahusiano ya kazini ili mtu mwenye ulemavu aajiriwe, afanye kazi yake ipasavyo, apande cheo na astaafu kwa heshima ileile wanayopewa wenzake. Unawahusu watu wenye ulemavu wa viungo, wasioona na wenye uoni hafifu, viziwi, watu wenye ualbino, wenye ulemavu wa akili au wa afya ya akili, pamoja na wale wanaopata ulemavu wakiwa tayari kazini. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022, watu wapatao bilioni 1.3, yaani takriban 16% ya watu wote duniani, wana ulemavu mkubwa. Makala hii inaangalia hasa Tanzania na Kenya.

Msingi

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa tarehe 13 Desemba 2006. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Mkataba huo unaeleza kuwa ulemavu hujitokeza pale hali ya mtu inapokutana na vikwazo vilivyowekwa na jamii. Karani anayetumia kiti mwendo huchapa kazi bila shida masjala ikiwa ghorofa ya chini. Masjala ikihamishiwa ghorofa ya tatu katika jengo lisilo na lifti, kazi humshinda ingawa mwili wake ni uleule.

Ibara ya 27 ya Mkataba inahusu haki ya kufanya kazi na inazitaka nchi wanachama zihakikishe kuwa marekebisho stahiki yanatolewa mahali pa kazi: mabadiliko yanayomfaa mfanyakazi fulani katika kazi fulani, bila kumwelemea mwajiri kupita kiasi. Kwa mujibu wa Mkataba, kumnyima mtu marekebisho hayo ni ubaguzi.

Sheria

Tanzania ilianza mapema. Sheria ya mwaka 1982 ya ajira za watu wenye ulemavu iliwataka waajiri wenye wafanyakazi 50 au zaidi watenge 2% ya nafasi zao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ikakataza ubaguzi kwa misingi ya ulemavu, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 ikaongeza kiwango: mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi, wa umma au binafsi, anatakiwa angalau 3% yao wawe watu wenye ulemavu. Kiwanda chenye watu 200, kwa hesabu hiyo, kinatakiwa kuwa nao wasiopungua 6. Zanzibar ilitunga sheria yake mwaka 2006.

Kenya ilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2003. Sheria hiyo iliunda Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu na kumpa mwajiri binafsi nafuu ya kodi: kukata katika mapato yanayotozwa kodi 25% ya mishahara anayowalipa wafanyakazi wenye ulemavu, na 50% ya gharama za kurekebisha jengo au vifaa kwa ajili yao. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 ikaweka lengo la 5% katika nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa. Sheria mpya ya mwaka 2025 imewapa waajiri wenye wafanyakazi 20 au zaidi wajibu wa kutenga 5% ya nafasi za ajira.

Kuajiri

Watu wengi huenguliwa kabla hata ya usaili. Tangazo linalodai leseni ya udereva kwa kazi ya uhasibu humfungia nje mhasibu asiyeona, ingawa kazi yenyewe haihusu kuendesha gari. Sharti la "afya njema" lisiloelezwa nalo huwakatisha tamaa wengi. Nchini Tanzania, matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huwahimiza watu wenye ulemavu waombe na waeleze hali zao katika maombi. Maelezo hayo yana faida pale tu yanapofanyiwa kazi: chumba cha usaili kiwe kinafikika, mtihani uwepo kwa nukta nundu, kwa maandishi makubwa au kwenye kompyuta, na mwombaji kiziwi apatiwe mkalimani wa lugha ya alama. Maswali huelekezwa kwa mwombaji mwenyewe, wala si kwa mkalimani au msindikizaji, na yahusu majukumu ya kazi.

Majengo, vifaa na ratiba

Kipimo kinachotumika sana kwa njia ya mteremko ni uwiano wa 1 kwa 12. Ngazi zenye kimo cha sentimita 30 zinahitaji mteremko wa mita 3.6; ukiwa mfupi zaidi, mtumiaji wa kiti mwendo hulazimika kusukumwa. Choo ndicho husahaulika zaidi, na mfanyakazi asiyeweza kukitumia huishia kujinyima maji kutwa nzima.

Mfanyakazi asiyeona hutumia programu ya kusoma skrini. Programu ya NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, hutolewa bure, na sauti yake ya eSpeak NG husoma Kiswahili. Lakini barua iliyogongwa mhuri, ikaskaniwa na kutumwa kama picha humwacha gizani, kwa hiyo ofisi inapaswa kutuma pia nakala ya maandishi. Viziwi hukwazwa na ujumbe wa sauti katika kundi la WhatsApp la idara, vikao visivyo na mkalimani na king'ora cha moto kisichoambatana na taa ya kumulika.

Mfanyakazi mwenye ualbino huhitaji herufi kubwa kwenye skrini, meza isiyopigwa na mwanga wa dirisha na, kwa kazi za nje, kofia pana, mikono mirefu, losheni ya kukinga jua na zamu za asubuhi au jioni. Losheni hizo hutengenezwa pia Moshi, katika Hospitali ya KCMC, kwa jina la Kilisun. Kinga hizi ni suala la uhai, kwani saratani ya ngozi huwapata watu wenye ualbino wakiwa bado vijana.

Kwa mwenye ulemavu wa akili, maelekezo mafupi ya hatua moja moja na mwenza wa kumwelekeza husaidia sana. Mwenye ulemavu wa afya ya akili huhitaji ruhusa ya kwenda kliniki, na siri yake itunzwe. Kubadili saa ya kuingia kazini humwepusha mtumiaji wa magongo na msongamano wa asubuhi kwenye daladala au matatu, na mabadiliko hayo hayamgharimu mwajiri hata shilingi.

Ulemavu unaopatikana kazini

Ajali ya mashine, barabara au mgodi, na hata kiharusi, vinaweza kumpa ulemavu mtu aliyeajiriwa bila kuwa nao. Kanuni za Utendaji Bora za Tanzania za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha kazi mfanyakazi aliyeumia au kuugua, aangalie kama kazi inaweza kurekebishwa au kama ipo nyingine inayomfaa. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kukusanya michango mwaka 2015, hulipa fidia kwa walioumia au kuugua kutokana na kazi. Fidia hiyo haiondoi haja ya kurudi kazini: fundi aliyepoteza mkono bado ana ujuzi wa kukagua, kufundisha na kusimamia.

Karakana maalumu na ajira ya kawaida

Afrika Mashariki ina karakana zilizoanzishwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Bombolulu ya Mombasa, iliyoanza mwaka 1969, inafahamika kwa vito na nguo. Neema Crafts ya Iringa ilianza mwaka 2003 na vijana viziwi wachache waliotengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Baadaye ikafungua mgahawa wenye wahudumu viziwi. Karakana hizi zimetoa ujuzi, kipato na heshima pale ambapo waajiri wengine walifunga milango. Hata hivyo, Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia Mkataba ilieleza mwaka 2022 kuwa ajira iliyotengwa haitoshelezi haki ya kufanya kazi. Mtu anapaswa kuweza kuajiriwa popote wanapoajiriwa wengine. Mgahawa wa Iringa unaonyesha kuwa jambo hilo linawezekana, kwani wateja wanaosikia huagiza chakula kwa ishara na maandishi, na huduma haikwami.

Usimamizi

Mlalamikaji wa ubaguzi Tanzania Bara huanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Vyama vya wafanyakazi vinaweza kuingiza marekebisho stahiki katika mkataba wa hali bora, ili haki hiyo isitegemee hisani ya meneja mmoja. Shirikisho la Vyama vya Watu Wenye Ulemavu Tanzania (SHIVYAWATA) na vyama wanachama wake, kikiwemo Chama cha Viziwi Tanzania, vina watu wanaoweza kuwashauri waajiri. Mshauri wa kwanza, hata hivyo, ni mfanyakazi mwenyewe, kwa kuwa watu wawili wenye ulemavu wa aina moja wanaweza kuhitaji vitu tofauti kabisa.

Kiwango cha 3% au 5% hupima walioingia tu. Mwajiri anayetaka kujua kama ujumuishi umefika kwake aangalie nani amepelekwa mafunzoni, nani amepandishwa cheo, nani anasimamia wengine, na wangapi kati ya walioajiriwa wangali kazini baada ya miaka mitano.