Makatibu wa Pamba katika Nchi ya Ntuzu

Somanda, kata iliyomo mjini Bariadi, iko katika Ntuzu, mojawapo ya nchi za kitemi za Wasukuma, ambako pamba imekuwa zao kuu la biashara tangu enzi za ukoloni. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma waliwauzia pamba wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya Asia, waliomiliki mizani na viwanda vya kuchambulia pamba, yaani vya kutenganisha nyuzi na mbegu. Malalamiko ya kupunjwa kwenye mizani hiyo yalichochea kuundwa kwa vyama vya msingi vya ushirika, na mwaka 1955 vikapata chombo chao kikuu mjini Mwanza, Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo meneja wake mkuu, Paul Bomani, alikuwa kijana wa miaka 30 aliyewahi kuwa karani katika mgodi wa almasi wa Mwadui.

Bomani alipata bahati ya kusomea ushirika Uingereza. Makatibu wa vyama vya msingi vijijini hawakuipata. Katibu alipewa kazi kwa kuwa alijua kusoma, kuandika na kupiga hesabu, lakini msimu wa ununuzi ulipofunguliwa alitakiwa pia kusimamia upimaji, kutenga pamba safi na fifi, yaani ile ya daraja la chini, kuandika stakabadhi, kulinda fedha, kuongoza vibarua, na hata kumkatalia mzee wa rika la baba yake aliyeleta pamba chafu. Chuo cha Ushirika cha Moshi kilianzishwa mwaka 1963, wakati ambapo vyama vilikuwa vimekwisha kushika biashara ya pamba ya Kanda ya Ziwa.

Si haki, hata hivyo, kusema kwamba makatibu hao hawakuwa na asili yoyote ya uongozi. Wasukuma walikuwa na nsumba ntale, kiongozi wa vijana wa kijiji, aliyewakusanya kwa kilimo cha pamoja na kuwatoza faini waliokaidi. Kijana aliyelelewa chini yake alijua jinsi watu wanavyopangwa na kusikilizwa, ila hakujua vitabu vya hesabu wala dhamana ya fedha za wengine.

Kamati maalumu ya Rais iliyochunguza ushirika mwaka 1966 ilibaini uhaba wa watumishi wenye ujuzi, ukosefu wa uaminifu na siasa kuingilia kazi. Matokeo hayo yalikuwa ya kweli, lakini lawama haikuwa ya katibu peke yake, maana vyama vilipanuliwa kwa kasi kuliko mafunzo. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vilivunjwa, na baadaye serikali ikapeleka mameneja wa vijiji, watumishi walioajiriwa nayo bila kuchaguliwa na wanakijiji, kusimamia kazi za wakulima ambao hapo awali walikuwa na sauti katika kumpata katibu wao.