Akili ni Nywele, Kila Mtu Ana Zake

Leo tutazungumzia swali ambalo akina mama huniuliza kliniki kwa sauti ya chini, foleni ikiwa imekwisha: "Sista, huyu mtoto wangu ana akili kweli?"

Kabla ya kulijibu, acha nikiri kosa langu. Nilipokuwa mgeni kazini, nyanya mmoja alimleta mjukuu wake wa miaka mitano kutoka baadia, upande wa Balambala. Nilikuwa na kadi za picha za kupimia ukuaji wa mtoto. Nikamwonyesha mwavuli, akanyamaza. Gari la moshi, akanyamaza. Nanasi, akamtazama nyanya yake. Nikaandika kwenye kitabu chake: "Amechelewa."

Nyanya aliuliza nimeandika nini. Nilipomweleza alicheka, kisha akakasirika. "Jioni mbuzi wakirudi, huyu ndiye anayempeleka kila mtoto wa mbuzi kwa mama yake. Wamepita thelathini na hakosei. Binti yangu, wewe ungeweza?"

Nisingeweza. Nililifuta lile neno. Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia historia ya kupima akili, na leo nakugawia niliyojifunza.

Kipimo kilianza wapi?

Kilianza Ufaransa. Serikali ya huko ilitaka kuwatambua watoto wanaohitaji msaada zaidi darasani. Mwaka 1905 Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon wakatunga maswali 30, kuanzia mepesi hadi magumu. Nia ilikuwa njema: mtoto apatikane, asaidiwe. Binet mwenyewe alionya kwamba akili ya mtoto si kitu kilichoganda, yaweza kukuzwa. Alifariki mwaka 1911.

Waliomfuata walitaka namba. Mwaka 1912 Mjerumani William Stern alipendekeza umri wa akili ugawanywe kwa umri wa kuzaliwa. Mwaka 1916 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, akatoa kipimo ambacho jibu la hesabu hiyo huzidishwa kwa 100. Hiyo ndiyo IQ. Mtoto wa miaka 8 anayejibu kama wa miaka 6 alipewa 75. Namba ilipopatikana, wengi walisahau onyo la Binet. Kipimo cha kumsaidia mtoto kikageuzwa kuwa kipimo cha kubagua watu.

Kilipofika Kenya

Katika miaka ya 1930 daktari Henry Laing Gordon, aliyefanya kazi katika hospitali ya Mathari, Nairobi, alipima vichwa vya Waafrika na kudai kwamba ubongo wao ni duni. Yeye na wenzake waliomba serikali ya Uingereza fedha za kuendeleza utafiti huo, wakanyimwa. Madai yao hayakuwa na msingi, na sayansi imeyatupa.

Wakati huohuo alikuwako mtu mwingine, R.A.C. Oliver, ambaye mwaka 1932 alitunga mtihani wa akili kwa wanafunzi Waafrika. Oliver alisema jambo la maana: huwezi kulinganisha akili za watu waliolelewa katika hali tofauti kisha ukasema tofauti ya alama ni ya damu.

Sasa tazama kwetu. Sheria ya mwaka 1902 iliifanya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kuwa eneo lililofungwa. Mgeni hakuingia bila kibali. Shule zilichelewa kufika. Baada ya uhuru ikaja hali ya hatari, iliyoondolewa mwaka 1991. Hata mpango wa serikali wa mwaka 1965, ule Waraka Nambari 10, ulielekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yaliyotazamiwa kuleta faida ya haraka. Kisha kuanzia 1985 hadi 2023 mtoto wa Garissa alifanya KCPE ileile ya mtoto wa Nairobi. Alipopata alama za chini, wengine walisema hana akili. Je, mtihani ule haukupima pia ukame, uhaba wa walimu na umbali wa shule?

Akili ziko za namna nyingi

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Wasomali husema "caqli", neno lililotoka katika Kiarabu kama lilivyotoka "akili" yetu. Tena wana neno "garaad", maana yake busara na ufahamu, na ndilo jina walilowapa baadhi ya viongozi wao wa ukoo.

Mwaka 2001 watafiti walichapisha habari za watoto wa Usenge, kando ya Ziwa Victoria. Waliwauliza kuhusu dawa za miti shamba zinazotumika kijijini. Waliojua dawa nyingi ndio walioelekea kupata alama za chini katika msamiati wa shule. Mtoto hawezi kushinda siku nzima porini na darasani kwa wakati mmoja; hujifunza kile ambacho jamaa zake wanakithamini. Naye Howard Gardner wa Marekani aliandika mwaka 1983 kwamba akili ni nyingi: ya lugha, ya hesabu, ya muziki, ya mwili, ya kuelewana na watu, na nyinginezo. Si wataalamu wote wanaokubaliana naye, lakini sidhani yule nyanya wa Balambala angembishia.

Tufanye nini?

Nisieleweke kwamba vipimo havina maana. Kipimo kizuri, kwa lugha ya mtoto na kwa vitu anavyovijua, humfichua anayehitaji msaada. Na akili hutaka chakula. Kule Embu, watoto waliopimwa mwaka 1998 walipata alama za juu kuliko wa umri wao waliopimwa mwaka 1984. Damu ya watu haibadiliki kwa miaka 14. Kilichobadilika ni maisha: lishe, afya na elimu ya wazazi. Hukohuko Embu, wanafunzi walioongezewa nyama kwenye githeri waliendelea vizuri zaidi katika fumbo za picha kuliko wenzao.

Kwa hivyo, mama na baba:

Mnyonyeshe mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza. Baadaye umpe nyama, maini, mayai au maharagwe. Chai ya maziwa pekee si chakula, tena chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini.

Tumia chumvi yenye madini ya joto. Kamilisha chanjo. Homa kali au degedege ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Mtoto akiitwa haitiki, au anatoka usaha sikioni, mlete. Wako wanaopigwa darasani kwa ujinga kumbe hawasikii.

Ukiona amechelewa kuketi, kutembea au kusema, usimfiche nyumbani. Uliza hospitalini kuhusu EARC, kituo cha serikali cha kuwapima watoto kielimu. Vituo hivi vilianza Kenya mwaka 1984.

Mwisho, usimwite mtoto mjinga. Neno hilo huliandika moyoni mwake, na mimi niliyewahi kuliandika kitabuni najua kulifuta si rahisi. Kabla ya kuuliza kama ana akili, muulize anajua nini. Kisha keti umsikilize.

Hadi wiki ijayo, nakutakia afya njema.