Ini la mzee na hatari ya kukatizwa damu

Ini hupokea takriban robo ya damu yote inayosukumwa na moyo. Sehemu kubwa ya damu hiyo, robo tatu hivi, hutoka matumboni. Iliyobaki huletwa na ateri ikiwa na oksijeni tele. Njia hizo zikizibwa, ini huanza kuumia, na umri mkubwa huzidisha madhara.

Damu hukatizwa lini?

Mwaka 1908, daktari James Hogarth Pringle wa Glasgow, Scotland, alieleza namna ya kubana mishipa inayoingia kwenye ini ili kuzuia majeruhi wasivuje damu. Mbinu hiyo ingali inatumika katika kuondoa uvimbe wa ini: mara nyingi mishipa hubanwa kwa dakika 15, kisha huachiwa kwa dakika 5. Katika upandikizaji, ini hukaa saa kadhaa kwenye baridi bila damu. Hali kama hiyo humkuta pia mgonjwa aliyepoteza damu nyingi au ambaye moyo wake umeshindwa kufanya kazi.

Pigo la kwanza na la pili

Damu inapokosekana, seli huishiwa nishati. Inaporejea, badala ya kuleta nafuu tu, huleta pigo la pili. Oksijeni inayorudi ghafla huzalisha kemikali kali zinazoharibu mitokondria, ambazo ndizo mitambo ya nishati ya seli. Seli za Kupffer, walinzi wa ini, hutoa ishara za hatari, na chembe nyeupe za damu hufurika na kuongeza majeraha.

Umri hubadilisha nini?

Mwaka 2022, watafiti wakiongozwa na wenzao wa Dresden, Ujerumani, walibainisha kwamba wastani wa umri wa seli za ini ni chini kidogo ya miaka 3, mwenye ini awe kijana au mzee. Hata hivyo, ini kufanywa upya si sawa na kuwa imara. Uzeeni, damu inayopita kwenye ini hupungua, na kuta za mishipa yake midogo huwa nene na kupoteza vitundu vyake. Seli nazo huzorota katika kuondoa mitokondria zilizoharibika, hivyo pigo la pili huzikuta zikiwa na akiba ndogo. Ini lililoumia pia huchelewa kuota upya.

Hata kinga hupungua nguvu. Mwaka 2003, madaktari wa Zurich, Uswisi, waliripoti kwamba kuzoesha ini kwa kulibana muda mfupi kabla ya upasuaji kuliwafaa zaidi wagonjwa wenye umri mdogo.

Matumaini ya wanaosubiri

Wanaohitaji ini ni wengi kuliko maini yanayopatikana, hivyo maini ya wazee hayawezi kutupwa. Kipimo cha hatari kilichochapishwa Marekani mwaka 2006 hutazama umri wa mtoaji pamoja na muda ambao ini limekaa kwenye baridi. Umri haurudishwi nyuma. Muda huo unaweza kufupishwa.

Njia nyingine ni mashine inayopitisha damu au maji maalumu ndani ya ini kabla ya kupandikizwa. Mwaka 2021, huko Zurich, ini lililokuwa limekataliwa na vituo vingine lilitunzwa kwenye mashine kwa siku 3, kisha likapandikizwa kwa mgonjwa. Mashine za namna hiyo huwapa madaktari nafasi ya kulipima ini, likiwemo la mtoaji mzee, kabla ya kuamua.