Chini ya Kiwamboute, Si Chini ya Tumbo

Mwambie mgonjwa ana "uvimbe chini ya tumbo", naye atashika kinena. Hapo ndipo tafsiri ya istilahi ya Kiingereza "submucosal tumor" inapokwama, maana Kiswahili cha kila siku huita tumbo mfuko wa chakula, na huita tumbo eneo zima kutoka mbavuni hadi nyongani. Uvimbe tunaouzungumzia umo ukutani mwa mfuko wenyewe. Kamera iliyopitishwa kinywani huuonyesha kama punje ya kunde iliyofunikwa shuka: kiwamboute, ule utando wa ndani wenye ute, umepita juu yake ukiwa mzima. Kibanio cha kawaida kikidonoa hapo, mara nyingi hutoka na kipande cha shuka tu, na majibu ya maabara husema hakuna kitu.

Wapo wanaotaka tutohoe, tuseme "uvimbe wa submukosa", wakidai istilahi ya kimataifa haimpotezi mtaalamu. Siafiki. Submukosa ni tabaka moja mahususi, la pili kutoka ndani. Ilhali vimbe vingi vya namna hii, hasa viitwavyo GIST (kifupi cha Kiingereza cha "gastrointestinal stromal tumor"), huota katika tabaka la misuli lililo nje yake. Maneno yetu "chini ya" hayafungi tabaka, kwa kuwa misuli nayo iko chini ya kiwamboute. Tofauti hiyo humfuata mpasuaji hadi mezani. Uvimbe wa submukosa tupu huenda ukachunwa kutoka ndani bila kutoboa ukuta. Wa misulini kwa kawaida hukatwa pamoja na kabari ya ukuta mzima, kisha pengo likashonwa. Tezi za limfu huachwa, kwani GIST huenea huko kwa nadra. Kinachoogopwa zaidi ni uvimbe kupasuka ukiwa bado mwilini, maana seli zikimwagika, ugonjwa ni rahisi kurudi. Ama ukubwa wa kabari hiyo, mwaka 2008 mpasuaji Hiki wa Japani na wenzake walichapisha njia ya kuiunganisha kamera ya ndani na upasuaji wa matundu madogo, ili sehemu ya mfuko inayokatwa iwe ndogo iwezekanavyo.

Msomaji atauliza: nani mtaani anakijua kiwamboute? Neno zima, wachache. Lakini kuwamba ngoma kunajulikana, na ute unajulikana. Submukosa haina hata silabi moja ya kumshika mgonjwa mkono. Basi enyi mnaoandika fomu za ridhaa ya upasuaji, andikeni "uvimbe wa chini ya kiwamboute cha mfuko wa chakula", na neno tumbo mliache nje ya mstari huo.