Rangi za Kiwandani za Magitaa ya Kale na Namna ya Kuzithibitisha

Katikati ya miaka ya 1950, kampuni ya Fender ya California, ambayo Stratocaster yake ilizaliwa mwaka 1954, iliwatangazia wateja kwamba asiyeridhika na rangi ya kawaida, ile nyeusi pembezoni inayofifia kuwa manjano katikati, angeweza kuagiza rangi nyingine kwa nyongeza ya asilimia 5 ya bei. Rangi hizo hazikubuniwa kwa ajili ya ala za muziki. Zilikuwa rangi za magari za DuPont, na majina yake yalifuata magari: nyekundu ya Fiesta Red ilipamba Thunderbird ya mwaka 1956, na buluu ya Lake Placid Blue ilitoka kwa Cadillac ya mwaka 1958. Mnamo 1963 kampuni ya Gibson nayo ilitoa orodha yake ya rangi pamoja na gitaa la Firebird, lililosanifiwa na Ray Dietrich, fundi mashuhuri wa maumbo ya magari. Kwa kuwa wengi walichukua rangi ya kawaida, zile za kuagizwa zikawa nadra, na leo thamani yake imepanda kupita kiasi; na penye thamani hapakosi wa kughushi.

Kwetu sisi wa Dodoma jambo hili si la kigeni kama linavyodhaniwa, maana nchi hii ya kati ndiyo iliyomlea mpiga gitaa Patrick Balisidya, mzaliwa wa Mvumi, ambaye bendi yake ya Afro 70 iliiwakilisha Tanzania katika tamasha la Lagos la mwaka 1977. Ila magitaa ya bendi zetu yamekuwa na maisha ya taabu. Bendi nyingi zilikuwa mali ya jumuiya na mashirika, kama NUTA Jazz iliyoundwa 1964, hata mpiga solo akihama, gitaa lilibaki nyuma likapokewa na mwingine asiyeijua asili yake. Na fedha za kigeni zilipoadimika, lililochubuka halikuwa na dawa ila kupakwa upya. Hapo ndipo mtihani unapoanza, kwa sababu fundi wa gereji hutumia jamii ile ile ya rangi iliyotumika kiwandani, na kwa hiyo wekundu wa gitaa, hata ungelingana na Fiesta Red sawasawa, si ithibati ya lolote.

Tena rangi ya asili yenyewe haidumu katika sura yake. Vanishi iliyopakwa juu hugeuka manjano kwa umri na jua, hata Lake Placid Blue ikaonekana kijani, na nyeupe ya Olympic White ikawa kama samli. Kiangazi chetu, ambacho mchana huunguza na usiku wa Juni huleta baridi kali, hupasua vanishi hiyo nyufa nyembamba mno, na vumbi jekundu likaingia humo likakaa.

Basi anayetaka ukweli na atazame mahali pasipoonekana. Afungue skrubu za bamba la plastiki lililo chini ya nyuzi, kwa hadhari, maana bamba la zamani huvunjika upesi. Hadi kiasi cha mwaka 1964, mafundi wa Fender walikuwa wakigongomea kiwiliwili misumari midogo ili kilazwe kikauke bila kugusa meza, kisha wakaing'oa baada ya rangi. Tundu la msumari likionyesha mbao tupu, ni dalili njema, na likiwa limejaa rangi, basi rangi hiyo ilikuja baadaye. Kadhalika azitazame kingo za mapango ya nyaya, ambako tabaka huonekana kwa mpangilio: nyekundu iliyolala juu ya nyeusi na manjano kwa kawaida humaanisha kwamba gitaa lilipakwa upya. Tarehe ya penseli kwenye kitako cha shingo husema habari za shingo peke yake, kwani shingo hufungwa kwa skrubu na huhamishika.

Lakini kupakwa upya si mara zote kazi ya gereji. Uingereza iliporuhusu tena ala za Kimarekani mwaka 1959, na mpiga gitaa Hank Marvin akaonekana na Stratocaster yake nyekundu, vijana wote wakaitaka rangi hiyo, hata baadhi ya magitaa yakapakwa nyekundu huko huko na wauzaji kabla hayajafika dukani. Ikiwa gitaa la aina hiyo lingefika kwetu kwa njia ya London, tabaka zake zingefanana kabisa na za lililopakwa Dodoma, na hapo hati ya ununuzi, au picha ya zamani ya bendi jukwaani, ingefaa kuliko bisibisi.