Msisukume Hiyo Gari

Gari ya mjomba ilizimika kwenye kilima kimoja karibu na Sironga, Nyamira, Desemba moja, mvua ikiwa imekatika tu. Haikulia, haikutoa moshi. Ilikuwa inapanda na gia ya pili, abiria kumi na nne ndani na mikungu ya ndizi juu ya kariya, halafu kimya. Dereva akakanyaga breki. Makanga akaruka na jiwe lake, akalisukumia nyuma ya gurudumu. Mimi nilikuwa kidato cha pili, nimekaa mbele kwa sababu ni gari ya mjomba.

Dereva akajaribu kuwasha. Stata ikazunguka vizuri, tena upesi kuliko kawaida, kama baiskeli iliyotoka cheni. Injini haikushika. Mzee mmoja aliyekuwa kiti cha nyuma, aliyewahi kuendesha Peugeot siku zake, akatoa hukumu: "Igeuzeni iangalie chini, msukume. Aachilie klachi na gia ya pili." Tukashuka wote. Tukageuza, tukasukuma. Gari ikashika kasi, dereva akaachilia klachi, na ndani ya injini tukasikia mlio kama sufuria zinagongana gizani. Akajaribu tena. Akajaribu mara ya tatu.

Fundi alifika jioni. Alisikiliza stata mara moja tu, kisha akauliza: "Mlisukuma?"

Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba lile swali lina historia nyuma yake, na kwamba yule mzee wa Peugeot hakuwa mjinga. Alikuwa sahihi kwa injini ya enzi nyingine.

Tuanze na injini yenyewe. Chini kuna krenki, inayozungushwa na pistoni zikipanda na kushuka. Juu kuna kamshafti, inayofungua na kufunga valvu: hizi za kuingiza hewa, zile za kutoa moshi. Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti lazima izunguke mara moja, si zaidi, si pungufu. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, pistoni hupanda mara 50 kila sekunde, na kila valvu hufunguka mara 25. Kitu kinachowafanya wawili hao wasikosane ndicho tunachoita mkanda wa taimingi. Ni mpira wenye meno, umefumwa na nyuzi za kioo ndani, umefichwa nyuma ya kifuniko cha plastiki.

Mkanda ukikatika, kamshafti husimama palepale. Valvu zilizokuwa zimefunguka hubaki zimening'inia ndani ya silinda. Lakini krenki haijui habari hiyo. Inaendelea kuzunguka kwa nguvu iliyobaki nayo, na kwa magurudumu yanayoisukuma kama gari iko kwenye gia. Katika baadhi ya injini, kama 4A-FE na 5A-FE za Toyota Corolla za miaka ya tisini, nafasi iliyoachwa inatosha. Gari inazima tu, unavutwa gereji, unafungiwa mkanda mpya, unaenda zako. Katika injini nyingine pistoni inapanda na kugonga valvu. Dizeli ndizo mbaya zaidi, kwa sababu hukandamiza hewa mara 20 hivi ili iwake bila plagi. Pistoni ikifika juu, nafasi inayobaki ni nyembamba kama kucha, na valvu iliyofunguka haina pa kwenda. Inapinda. Wakati mwingine pistoni inatoboka au kamshafti inavunjika.

Sasa ukichukua gari ya namna hiyo, ukaishusha kilima na kuachilia klachi, unailazimisha krenki kuzunguka tena. Valvu iliyonusurika mara ya kwanza inapata zamu yake.

Mzee wa Peugeot hakuwa na sababu ya kujua hayo. Peugeot 504, gari iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, na ambayo ilibeba abiria wa masafa marefu Kenya nzima, ilikuwa na kamshafti chini, ubavuni mwa injini, karibu na krenki. Kilichoziunganisha ni cheni fupi ya chuma, ikioga kwenye oili saa zote. Cheni kama hiyo ikichoka inapiga kelele kwanza. Inalalamika miezi kadhaa kabla ya kuaga. Kwa hiyo 504 ikigoma kuwaka, uwezekano mkubwa ni betri, na dawa ya betri ni kusukuma. Kizazi kizima cha madereva kilijifunza somo hilo na kulifundisha wengine.

Mkanda wenye meno ulianza mbali na barabara. Miaka ya 1940, kampuni ya L. H. Gilmer ya Marekani iliutengeneza kwa ajili ya cherehani, ili sehemu ya juu na ya chini ziende pamoja bila kuteleza. Mwaka 1962 kampuni ndogo ya Ujerumani, Glas, ikaanza kuuza gari iitwayo 1004, gari ya kwanza kuundwa kwa wingi ikiwa na mkanda wa aina hiyo kwenye injini. Mwaka 1966 Pontiac wa Marekani na Fiat wa Italia wakafuata. Sababu zilikuwa za maana. Watengenezaji walitaka kuipandisha kamshafti juu ya injini ili ipumue vizuri, na cheni ndefu ya kufika huko ilikuwa nzito, ghali na yenye kelele. Mpira ulikuwa mwepesi, wa bei nafuu, hauhitaji oili, na uko kimya.

Ukimya huo ndio bei yake. Cheni inazeeka kwa kelele, mkanda unazeeka kimyakimya. Kwa hiyo walioubuni waliweka sharti: ubadilishwe kwa ratiba. Kilomita 100,000 kwa injini nyingi za Kijapani, nyingine zaidi ya hapo, nyingine chini, na hata gari ikikaa tu, mpira una miaka yake. Sharti hilo liliandikwa kwenye kijitabu cha huduma, na kijitabu kinadhani kwamba mwenye gari ni mmoja, gereji inajulikana, na mita ya kilomita inasema kweli.

Halafu gari likapandishwa meli.

Kenya ilipolegeza uagizaji mapema miaka ya tisini, mitumba ya Japani ilimiminika Mombasa. Sheria ya baadaye iliyokataza gari lenye zaidi ya miaka 8 ilizuia kuukuu kabisa, lakini fanya hesabu: gari la biashara la miaka 7 au 8 linashuka bandarini likiwa karibu na ratiba yake ya kwanza ya mkanda, au limeipita. Kijitabu, kama kipo, kimeandikwa Kijapani. Mita huenda imerudishwa nyuma njiani. Na kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kutumika Februari 2004, biashara yenyewe ilikuwa ya matatu za watu 14. Si zote zilikuwa na mkanda: Nissan zenye injini ya TD27 zilitumia gia za chuma. Lakini dizeli za Toyota Hiace, 2L, 3L na 5L, zilikuwa nao. Nje, gari mbili zinafanana. Stejini zinapanga foleni moja. Ndani, moja husamehe, nyingine haisamehi.

Wajapani walifikiria hilo kidogo. Kwenye dashibodi ya gari kadhaa za dizeli kuna taa ndogo iliyoandikwa T-BELT. Kilomita zikitimia, inawaka, na haizimi mpaka fundi aanze hesabu upya baada ya kufunga mkanda mpya. Shida ni kwamba hesabu inaweza kuanzwa upya bila kufunga chochote. Mkono wa dakika chache, na taa imelala.

Mjomba alinunua gari yake kwa mkopo, kwa mtu aliyekuwa ameiendesha Nairobi. Wiki ya kwanza taa iliwaka. Nilikuwepo gereji siku hiyo, nimetumwa kumpelekea chai. Fundi alisema mkanda, tenshena na kazi yake, akataja bei. Mjomba akauliza, "Na hiyo taa pekee?" Fundi akacheka, akasema hiyo ni ya soda. Mjomba akampa ya soda. Sikulaumu chochote wakati huo, nilifikiri ni ujanja. Awamu ya kwanza ya mkopo ilikuwa inangoja, na mkanda hauonekani. Nani hulipia kitu asichokiona, wakati matairi yanaonekana yameisha?

Miezi mitano baadaye tukawa pale kilimani. Hedi ilifunguliwa: valvu sita kati ya nane zimepinda, pistoni moja imepasuka. Gari ilikaa gereji mpaka Machi. Mkopo haukukaa nayo, uliendelea kutembea. Mjomba aliuza ng'ombe wawili na sehemu ya chai.

Na dereva alifukuzwa. Ilisemwa aliilazimisha kupanda na gia isiyofaa, kisha akaisukuma kama trekta. Alidaiwa mshahara wake wa mwezi kufidia hasara. Alijaribu kusema kwamba alipewa gari ikiwa hivyo. Mjomba akamwuliza, "Taa iliwaka?" Akajibu kweli, haikuwaka. Kesi ikaishia hapo. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kochi sebuleni, kikombe mkononi, na nilijua kwa nini haikuwaka.

Siku hizi ukisimama Sironga, nyingi ya gari ndogo zinazochukua abiria ni Probox. Injini yake maarufu, 1NZ, ina cheni. Tangu mwishoni mwa miaka ya tisini watengenezaji wengi wamerudi kwenye chuma, na vijana wanaonunua gari ya kwanza huuliza swali hilo kabla hata ya rangi. Subaru za injini ya EJ bado zina mkanda, kwa hiyo ukinunua moja usiulize mita inasema nini. Uliza risiti, na kama hakuna risiti, funga mpya. Hata cheni haikupi uhuru wote: usipobadilisha oili, inalegea, ila angalau itakupigia kelele kwanza.

Yule dereva alikuwa na haki ya kupigiwa kelele. Aliyekuwa na sauti ni mimi, na nilikunywa chai.