Mngurumo wa tumbo: istilahi moja na tumbo la mbwa

Mbwa akipelekwa kliniki kwa shida ya tumbo, daktari wa mifugo huweza kuandika kwenye kadi yake neno refu lenye sura ya ugonjwa mzito: borborigmi. Mwenye mbwa akilisoma, moyo humwenda mbio. Kumbe neno lenyewe halitaji ugonjwa wowote. Linataja sauti. Ni neno la Kigiriki, na Wagiriki walilipata kwa kuiga mlio unaotoka tumboni hewa na maji vinapokimbizana ndani ya matumbo. Likapita kwenye Kilatini, likaingia katika vitabu vya tiba vya Ulaya, na huko likabaki na heshima kubwa kuliko kazi yake.

Kiswahili kina kitenzi cha kazi hiyo siku zote. Tumbo linanguruma, wengi husema linaunguruma, na hapana ubaya. Nomino iko tayari pia: mngurumo, mingurumo. Kwa hiyo istilahi ninayoitetea hapa ni mngurumo wa tumbo, kwa binadamu na kwa mbwa vilevile. Haina jipya, na hilo ndilo linaloipa nguvu, maana mlinzi wa getini, mama mwenye nyumba na daktari wote wataielewa bila kamusi. Ngurumo peke yake tuiachie mvua.

Wapo watakaotaka usahihi zaidi waseme mngurumo wa utumbo, kwa hoja kwamba tumbo ni neno pana mno. Ni kweli ni pana. Tumbo ni sehemu yote ya mwili kuanzia chini ya mbavu hadi kwenye nyonga. Tumbo ni mfuko unaopokea chakula. Na mwanamke mwenye tumbo si lazima awe ameshiba. Lakini hapa upana huo unatufaa. Mlio unaweza kutoka kwenye mfuko wa chakula, kwenye utumbo mwembamba au kwenye utumbo mpana, na anayesikiliza kwa sikio tupu hana njia ya kuapa umetoka wapi. Isitoshe, utumbo umeshachukuliwa na wachinjaji buchani na watani mitaani: mtu akiongea utumbo, anaongea upuuzi. Daktari akisema mbwa ana mngurumo wa utumbo, nusu ya wasikilizaji watacheka.

Sauti yenyewe hutokeaje? Ukuta wa mfereji wa chakula una misuli inayobana na kulegea kwa zamu ili kusukuma vilivyomo kuelekea chini. Msukumo huo wataalamu huuita peristalsisi. Ndani ya mfereji kuna majimaji na kuna hewa: hewa aliyoimeza mbwa alipokuwa akila kwa pupa, na gesi inayotengenezwa na bakteria wanapochachusha mabaki kwenye utumbo mpana. Vitu hivyo viwili vikipenya pamoja mahali palipobanwa, vinalia. Mfereji uliojaa chakula huzima sauti. Ulio wazi huipaza. Ndiyo maana mbwa mwenye njaa hunguruma hata mtu aliye chumba cha pili akasikia, na aliyetoka kula sahani ya ugali akalala kimya.

Kuhusu njaa, mbwa ndiye aliyetufundisha. Mwaka 1969 Joseph Szurszewski alichapisha matokeo ya kupima umeme wa misuli kwenye utumbo mwembamba wa mbwa ambao hawakuwa wamekula. Aliona wimbi la shughuli likianzia juu, likisafiri taratibu hadi mwisho wa utumbo mwembamba, kisha jingine likianza upya. Kwa mbwa mzunguko huo hurudi kila baada ya dakika 90 hadi 120 hivi, na mbwa akila tu, hukatika. Kazi yake ni kusukuma mabaki, makamasi na bakteria kwenda chini kabla ya mlo unaofuata, na kwa sababu hiyo watafiti waliokuja baadaye walilipa jina la utani la mtunza nyumba. Kwa Kiswahili ningeliita wimbi la usafi. Mngurumo mwingi wa alfajiri hutokana na wimbi hilo tu, na mbwa anayeutoa huku akitingisha mkia na kukimbilia bakuli hana la kutibiwa.

Mbwa wa ulinzi wana desturi yao hapa. Wengi hulishwa mara moja kwa siku, jioni, kabla ya kufunguliwa bandani. Alfajiri mfuko wa chakula umekuwa mtupu kwa saa nyingi, nyongo inapanda kutoka kwenye utumbo, tumbo linanguruma, kisha mbwa anatapika povu la manjano na baada ya hapo yuko mzima kabisa. Mlinzi anaripoti kuwa mbwa kalishwa sumu. Mara nyingi dawa ni kuugawa mlo ule ule mara mbili, sehemu yake itolewe usiku sana. Kama povu linaendelea hata baada ya hapo, au mbwa anakonda, hilo ni jambo jingine na lina uchunguzi wake.

Chakula chenyewe nacho kina mengi ya kusema. Ugali wa dona na dagaa ni mlo wa mbwa katika nyumba nyingi za Tanzania, na ukizoeleka hauna kelele kubwa. Kelele huja siku ya kubadilisha: aliyezoea dona akipewa ghafla chakula cha pakiti, au sherehe ikaacha sufuria ya maharage na mafuta, bakteria wa tumboni hupata kazi wasiyoizoea, na gesi hujaa. Badilisha kidogokidogo kwa muda wa wiki nzima. Maziwa ni kisa kingine. Mbwa wengi wakishakua hupungukiwa na kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa. Sukari hiyo hushuka nzima hadi utumbo mpana, ikavuta maji na kuchachuka. Matokeo yake ni mngurumo, kushuta na kuharisha, wakati mwenye mbwa anaamini amempa chakula cha afya. Mchuzi wenye vitunguu hauna kelele yoyote, ila ni hatari kuliko maziwa, kwa sababu vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Na mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha. Usimpe hata akikulilia.

Mngurumo hubadilika maana unapokuja na wenzake: kuharisha, kutapika, kukataa chakula, kunyong'onyea. Hapo tunarudi kwenye maneno, maana Kiswahili kinazo tofauti ambazo daktari anazihitaji sana na wenye mbwa huzipoteza bure. Akina mama wanajua kwamba mtoto kucheua si kutapika. Mbwa pia. Akicheua, chakula hurudi kutoka kwenye umio bila jitihada, hakijasagika, pengine kina umbo la bomba kama kilivyopita. Akitapika, kwanza hudondosha mate, halafu misuli ya tumbo hubana na kusukuma kwa nguvu mara kadhaa ndipo kitoke. Cha kwanza kinampeleka daktari kwenye umio, cha pili kwenye mfuko wa chakula na kwingineko. Mtu akisema kwa simu "anatapika" kwa yote mawili, amemwelekeza daktari mahali pasipo.

Neno chango, kwa upande wake, lina kosa lililo kinyume. Linabeba utumbo, minyoo na maumivu ya tumbo kwa mkupuo mmoja, na pwani lina maana nyingine za uzazi juu yake. Kwa maelezo ya daktari halitoshi, ingawa waliolitunga walikuwa na macho: kwa mtoto wa mbwa, utumbo, minyoo na maumivu kweli husafiri pamoja. Minyoo mviringo huweza kumwingia mtoto wa mbwa angali tumboni mwa mama yake. Ndio wanaompa kale katumbo ka duara ambako watu hukaona ni dalili ya kunenepa. Safura hunyonya damu kwenye ukuta wa utumbo mpaka fizi zinapauka. Tegu huletwa na viroboto ambao mbwa huwameza anapojiuma ngozi, kwa hiyo kutibu tegu na kuwaacha viroboto ni kazi ya kurudia kila mara.

Kisha kuna parvo, ambayo wafugaji huitamka pavo. Virusi vyake vilijulikana duniani mwaka 1978, na vikienda na kinyesi kwenye udongo hudumu miezi mingi. Mtoto wa mbwa asiyechanjwa huanza kwa kunyong'onyea, akatapika, kisha akaharisha damu yenye harufu ambayo aliyewahi kuisikia haisahau. Tumbo lake hunguruma sana, lakini hapo hakuna anayesikiliza tena mngurumo. Kupoteza maji ndiko kunakomuua. Vuta ngozi ya juu ya mabega uiachie. Ikichelewa kurudi, maji yamepungua mwilini. Inua mdomo wa juu, bonyeza fizi kwa kidole mpaka iwe nyeupe, achia. Kwa mbwa mzima rangi ya waridi hurudi ndani ya sekunde 2 hivi. Ikikawia, au fizi tangu mwanzo imepauka, ondoka nyumbani uende kliniki. Njiani usimpe vidonge vya binadamu vya maumivu. Ibuprofeni na diklofenaki humtoboa mbwa vidonda vya tumbo na kumharibu figo.

Sasa nije kwenye tumbo lisilonguruma. Daktari akiweka stetoskopu ubavuni mwa mbwa mgonjwa, ukimya humtia wasiwasi kuliko kelele, kwa sababu utumbo uliosimama kufanya kazi hausemi. Na katika ukimya huo kuna hali moja inayostahili istilahi iliyochujwa vizuri, kwani hapa Kiswahili kinatutega. Mbwa wakubwa wenye kifua kirefu, kama Great Dane na German Shepherd, wanaweza kupata shida ambapo mfuko wa chakula hujaa hewa na kisha kugeuka na kujifunga pande zote mbili, hewa isitoke juu wala isishuke chini. Mfuko unaendelea kuvimba, mishipa ya damu inabanwa, na mbwa anaweza kufa ndani ya saa chache. Mlo mmoja mkubwa kwa siku, ule ule wa mbwa wa ulinzi, ni miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari.

Wapo wanaoiita hali hii msokoto wa tumbo. Kwa maana ya neno kwa neno hawajakosea, ila Mswahili anasokotwa na tumbo akila embe bichi. Tazama mazungumzo yanavyoweza kwenda usiku:

"Daktari, samahani kwa usumbufu. Mbwa wetu tumbo linamsokota."

"Ameharisha?"

"Hapana. Anajikaza kutapika tu, hakitoki kitu. Na tumbo limejaa."

"Limejaa vipi? Ligonge kidogo kwa kidole nyuma ya mbavu."

"Linalia kama ngoma."

"Mlete sasa hivi. Usisubiri asubuhi."

Neno la kwanza la mwenye mbwa halikumwambia daktari kitu. Lingeweza kuwa chochote. Kilichomwamsha ni kujikaza kutapika bila kutoa kitu, na ule mlio wa ngoma. Kwa hiyo msokoto ubaki kuwa jina la maumivu, kama watu walivyokwisha kuamua, na hali hii iitwe kujipinda kwa mfuko wa chakula. Ni ndefu, nakubali. Lakini inataja kiungo, tofauti na tumbo, na inataja tendo ambalo halitokei kwa kula embe.

Matibabu ni kutoa hewa, kuongeza maji kwenye mishipa, kisha upasuaji wa kuurudisha mfuko mahali pake. Daktari akimaliza kuugeuza huushona kwenye ukuta wa ndani wa tumbo ili usijipinde tena. Vitabu huuita upasuaji huo gastropeksi. Nimeona ukiitwa kushikiza tumbo, jambo ambalo fundi cherehani yeyote atalipinga, kwani kushikiza ni kushona kwa muda ili ufumue baadaye, na mishono hii inakusudiwa kushika maisha yote. Kushikamanisha mfuko wa chakula kungefaa zaidi kwenye karatasi ambayo mwenye mbwa anatakiwa aisaini kabla mbwa hajaingizwa ndani.